Nilivyoishi kwa bajeti ya Thailand nikiwa Louisville, na msafara uliotoka Buffalo kuja kuniuliza kosa lao

Wakuu, salamu kutoka Kentucky.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Mke wangu ana akaunti humu jukwaani, jina analotumia sitalitaja, na nikizidisha chumvi hata punje moja atakuja kunisahihisha mbele yenu. Kwa hiyo someni kwa amani.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa makamo, mzaliwa wa milima ya Kivu Kusini, Kongo, kule ambako ng'ombe anaheshimiwa kuliko chifu. Chuo nilisoma Dar es Salaam, nikachukua uchumi, ndiyo maana naandika Kiswahili cha namna hii. Nyumbani kwangu kinasemwa Kiswahili kingine kabisa. Mtakisikia mbele.

Uchumi wangu kwa sasa unatumika katika ghala moja huko Jeffersontown, ambako nahakiki maboksi yaliyokwisha kuhakikiwa na mtu mwingine. Msicheke. Kuna wenye digrii mbili wanayabeba.

Sasa twende kwenye mada.

Mwaka huu mwenye nyumba alitutaarifu kwamba mkataba wetu unakwisha na kodi inapanda. Akatupa mwezi mmoja wa kufikiri: tusaini tena, au tufungashe.

Mama Grâce, ndiye mke wangu, alikuwa wa kusaini. Mimi nilikuwa wa kufungasha. Na sikutaka kuhamia mtaa wa pili. Nilitaka tuhamie Thailand.

Najua mnachowaza. Mtu ametoka milimani, akapita kambini, akapewa Amerika, sasa anataka Asia. Anatafuta nini huyu?

Nilikuwa natafuta unafuu, wakuu.

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, kijana wa Tabora (wakati ule alikuwa kijana). Tulimwita Mwalimu kabla hajafundisha mtu yeyote, kwa sababu ya suruali zake tu. Jina likageuka unabii. Leo anafundisha Kiingereza Chiang Mai, mji ulio kaskazini mwa Thailand, na kila mwisho wa mwezi tunachati.

Mwalimu alikuwa ananieleza maisha ya kule mpaka nasahau kufunga mdomo. Kodi ya nyumba yake ni sehemu ndogo tu ya ninayolipa mimi. Chakula cha barabarani ni rahisi kiasi kwamba kupika mwenyewe ni kama anasa: wali, mboga za kukaanga, yai juu, au kuku wa kuchoma kwenye kijiti. Maji ya kunywa anachota kwenye mashine za mtaani, unatia sarafu, unajaza chupa. Anaendesha kapikipiki kadogo kanakokunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji.

Alinieleza na mabaya pia, lazima niwe mkweli. Umeme ni nafuu mpaka joto lipande. Ukiwasha kiyoyozi mchana kutwa, bili inaota pembe. Shule za kimataifa zinaumiza. Viza ina makaratasi yake. Bima ya afya inapanda kadiri mvi zinavyoongezeka. Na maziwa, jibini na nyama ya ng'ombe havina bei nzuri kama wali.

Hayo mabaya niliyasoma haraka haraka, kama watu wanavyosoma masharti ya mkopo.

Kilichoniua kabisa ni siku aliyonitumia bajeti yake yote. Nilimwomba mwenyewe, nikamwambia ni kwa ajili ya utafiti. Kodi, umeme, chakula, mafuta, bima, intaneti. Halafu chini kabisa:

Wageni: sifuri.

Michango: sifuri.

Wakuu, niliitazama ile sifuri kama watu wanavyotazama mlima Kilimanjaro asubuhi.

Mnaoishi na sisi Wakongo mnajua. Kwetu Jumapili ibada ikiisha, kanisa halitawanyiki, linahamia majumbani. Sufuria tunayopikia siku hiyo inaweza kumwogesha mtoto wa darasa la pili. Bado kuna harusi, bado kuna misiba, bado kuna mtoto wa fulani kamaliza high school na lazima apigiwe makofi yenye noti ndani. Mwezi uliotangulia tulichangia hata mashati ya kwaya. Mimi siimbi.

Basi nikamwambia mke wangu mezani, "Mama Grâce, huko Thailand sisi tutaishi kama mabalozi."

"Mabalozi ya nani?"

"Namaanisha tutaishi vizuri. Kwa mshahara mdogo."

"Na kazi?"

"Mimi nitafundisha, kama Mwalimu. Wewe wazee wapo kila nchi." Mke wangu anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa mjini, na wazee wanampenda kuliko wanavyowapenda watoto wao.

Akatafuna pole pole. Kisha akamgeukia binti yetu. "Grâce, unasikia baba yako?"

Grâce yuko high school. Hakuinua macho kwenye simu. "Is there snow?"

"Hakuna hata kidogo," nikasema.

"I'm in."

Kura mbili kwa moja! Lakini nyumbani kwangu demokrasia ina mipaka yake.

"Bon," akasema Mama Grâce. "Hiyo bajeti ya rafiki yako, tuijaribu hapa kwanza. Mwezi mumoja. Kile anakula, tutakula. Kile hana, na sisi hatuna. Tukiweza, basi ule mukataba hatusaini, minaenda na wewe. Tukishindwa, unasaini, na sitaki tena kusikia Thailand mu hii nyumba. Hata muchele yao sitaki kusikia."

Nikakubali kabla hajameza.

Ufafanuzi kwa wataalamu watakaokuja kunihoji: kodi, gari na bima tuliviacha pembeni, kwa sababu mwenye nyumba wa Louisville hajui kama tuko kwenye jaribio. Tulichofanya ni kukata pesa ya jikoni na ya mambo ya watu mpaka ikabaki nusu, tukaitia kwenye bahasha moja juu ya friji. Bahasha ikiisha kabla ya mwezi, nimeshindwa. Na zile sifuri mbili zinabaki sifuri.

Wiki ya kwanza nilitamba.

Nilipika mwenyewe. Nilikwenda duka la Waasia nikanunua ule mchuzi wa samaki aliyechachushwa. Harufu yake ilipanda ngazi hadi kwa jirani wa juu, akashuka kuuliza kama tuna tatizo la bomba. Nikamwambia ni chakula. Akasema pole.

Wali, mchicha uliokaangwa na kitunguu saumu, yai juu. Kesho yake wali, mchicha, yai juu. Grâce akaanza kuliita yai kwa jina.

Shida yangu ilikuwa maziwa.

Sisi watu wa milimani hatunywi chai ya maziwa. Tunakunywa maziwa yaliyosalimiana na majani ya chai. Lakini Mwalimu anakunywa kahawa nyeusi, kwa hiyo na mimi nikawa mtu wa kahawa nyeusi. Siku moja nikajikuta kazini, nimesimama mbele ya friji ya chumba cha mapumziko, natazama maziwa ya mtu. Sikuyagusa. Niliyatazama tu, kwa heshima, kama unavyomtazama ng'ombe wa jirani.

Lakini hayo yote ni madogo. Sifuri ya wageni ndiyo iliyonitoa jasho.

Mjue kwamba kwetu mgeni hapigi simu kwanza. Mtu akikupigia kuuliza kama upo nyumbani, unashtuka, unauliza nani amekufa. Mgeni anafika tu. Na hakuna sentensi, katika lugha zote ninazozijua, ya kumwambia "leo hapana." Nimeitafuta. Haipo.

Kwa kuwa sikuweza kusema hapana, nikaamua nisiwepo.

Jumapili ile tulitoka kanisani mbio kama tumeiba sadaka. Gari nikaliegesha nyuma ya jengo la tatu, karibu na mapipa ya taka. Mapazia nikafunga. Mke wangu akakaa kwenye kiti chake akiniangalia kama anayeangalia tamthilia.

Haukupita muda, mlango ukagongwa.

"Hodi! Baba Grâce, hodi!"

Alikuwa shemasi wetu, na kwa sauti za viatu hakuwa peke yake. Nikalala kifudifudi kwenye zulia. Msiniulize kwa nini. Mlango ulikuwa umefungwa, haoni ndani, ningeweza kukaa kwenye kochi kama binadamu. Lakini mwili uliamua.

"Hodi ya pili!"

Grâce alikuwa amejiziba mdomo na mto.

Halafu simu yangu ikalia. Ilikuwa mfukoni, chini ya tumbo langu. Na mlio wa simu yangu, wakuu, ni wimbo wa kwaya yetu, ile ya mashati. Shemasi ndiye mwimba besi. Kwa hiyo yule mtumishi wa Mungu alisimama nje ya mlango wangu akasikiliza sauti yake mwenyewe ikiimba kutoka ndani, "Fungua moyo, fungua."

Nilijaribu kuizima nikaongeza sauti.

Ilipokata, shemasi akasema, taratibu kabisa, karibu na tundu la ufunguo, "Simu tunaisikia, baba. Hakuna tabu. Mungu awabariki hata vile."

Viatu vikaondoka.

Nilipofungua baadaye, nilikuta mfuko wa maandazi umening'inizwa kwenye kitasa. Bado ya moto.

"Mwalimu anakula maandazi?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Basi usiguse."

Niliyala kwenye gari, kule kwenye mapipa. Hili alikuwa halijui. Sasa anajua.

Sasa tuje kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa, Mama Furaha, anaishi Buffalo, hatua chache kutoka Grant Street, mtaa ambao ukitembea dakika kumi umeshanunua mchele wa Kiburma, ndagaa wa Tanganyika, na umetuma pesa nchi yoyote. Habari za kwetu Amerika hupita kwake kwanza, halafu ndipo zinakuwa za kweli.

Alipata fununu. Akampigia mke wangu, hakunipigia mimi.

"Ndugu yangu iko mugonjwa?"

"Hapana," akajibu Mama Grâce.

"Sasa iko nini?"

"Amesema tu hataki mugeni mu nyumba huu mwezi."

Basi. Sentensi moja, ya kweli, haina hata nukta ya uongo. Kisha akamtakia dada yangu mchana mwema, akarudi kukunja nguo.

Nilimwuliza baadaye kwa nini aliisema. Akaniambia, "Nilijibu swali."

Ile sentensi ikasafiri kutoka Buffalo kwenda Reynoldsburg, Ohio, pale pembeni ya Columbus, anakoishi mjomba wetu Mzee Ruben na nusu ya ukoo. Ilipofika Reynoldsburg ilikuwa nimeachishwa kazi. Ilipotoka hapo kwenda kwa binamu zake ilikuwa naficha gari lisichukuliwe na benki. Iliporudi Louisville kanisani ilikuwa nauza vitu niende Asia nikabadili dini na kula nyoka.

Kuna desturi moja lazima niwaeleze, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Kwetu mwanaume akifunga mlango wake, wazee hawamtumii ujumbe. Wanakwenda. Wanakaa kwake, wanamwuliza, "Tulikukosea wapi?" Na hawaendi mikono mitupu, kwa sababu mlango uliofungwa unaweza kuwa umeficha hasira, lakini pia unaweza kuwa umeficha njaa. Hawajui ni ipi, kwa hiyo wanakuja na dawa ya zote mbili.

Ilikuwa Jumamosi adhuhuri. Nakaanga yai.

Dada yangu habishi hodi. Huwa anaingia kama bili ya umeme. Mlango ulifunguka tu nikamwona, na nyuma yake Mzee Ruben amevaa suti, ana fimbo, na nyuma ya Mzee Ruben watu wamebeba vitu kama tunahama. Mama Furaha alitoka Buffalo usiku wa manane, akawapitia Reynoldsburg, wakaja msafara magari mawili.

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kikaango.

"Kweli umekonda," akasema, na machozi yakamtoka.

"Dada, nimekonda wapi?"

"Nyamaza. Weka ile mbuzi chini, hapo, hapo!" Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anawaambia wapwa zangu.

Wakuu, waliingiza mbuzi mzima aliyekatwakatwa ndani ya maboksi ya barafu. Sombe iliyotwangwa, mifuko kwa mifuko. Ndagaa. Unga wa fufu. Maharage. Gunia la mchele ambalo ningelihakiki kazini kwa mashine. Na maziwa! Galoni za maziwa zikapangwa kwenye friji yangu mpaka lile yai langu likakosa pa kukaa.

Jikoni likachukuliwa na wanawake. Mimi nikakalishwa sebuleni, mbele ya Mzee Ruben, kama mshtakiwa.

Mzee akasimama. Mtu wa kwetu anayesimama kusema jambo zito haanzi na jambo. Alianza na ng'ombe wa babu yangu. Akaeleza rangi zao. Akavuka bonde la Ruzizi, akaingia kambini, akasimulia siku tuliyopanda ndege na mama yangu akakataa kuvua viatu. Alipofika Louisville, mbuzi alikuwa ameshalainika na harufu imejaa nyumba.

"Donc, mutoto yetu," akasema. "Tunakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya dada yako. Tulikukosea wapi?"

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko, uso mweupe kama wa malaika.

Basi nikawaeleza. Ningefanya nini? Nikawaeleza kodi, mkataba, Mwalimu, Chiang Mai, wali wa barabarani, mashine za maji. Nikatumia maneno niliyoyalipia ada. Nikasema kwamba katika bajeti ya familia kuna matumizi ya lazima, na kuna matumizi yasiyo ya lazima, kama vile wageni na michango.

Mzee Ruben akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, pole pole, bila hasira:

"Hiyo isiyo ya lazima, ni siye?"

Mnajua jasho linalotoka nyuma ya masikio? Hilo.

"Si hivyo, Mzee. Ni lugha ya kitaalamu."

"Na mama yetu," akasema dada yangu kutoka jikoni, "tulimuzika na lugha gani?"



Mama yetu alifia Buffalo, baridi imekaza, theluji magotini. Sisi tulikuwa wageni wa jana Amerika, hatuna hata akaunti ya benki yenye maana. Jeneza, kaburi, gari, chakula cha waliokuja, vyote vilitoka kwenye mikono ya watu wa Columbus na Louisville ambao wengine walikuwa hawajawahi kumwona. Hata koti nililovaa kaburini nilichangiwa. Bado ninalo. Lilikuwa limening'inia pale pale mlangoni, nyuma ya kichwa cha Mzee Ruben, linaniangalia.



Mzee akaniokoa. Au ndivyo nilivyodhani.

"Bon. Muite huyu Mwalimu. Tumuone."

"Mzee, huko sasa ni usiku."

"Muite."

Nikapiga simu ya video. Mwalimu akapokea mara moja, amevaa fulana, feni inazunguka nyuma yake. Nikamtambulisha. Salamu zikachukua muda wake, maana Mzee alitaka kujua habari za Tabora, mvua za Tabora na hali ya ng'ombe wa Tabora, na Mwalimu ameondoka Tabora siku nyingi.

Wakati huo dada yangu akapita nyuma yangu na sufuria.

"Samahani," Mwalimu akasema. "Samahani Mzee, nikukatize. Hicho ni kisamvu?"

"Ni sombe," akasema Mama Furaha, akaileta sufuria mpaka kwenye kamera. "Na mawese. Na ndagaa ndani. Unaiona?"

Mwalimu akasogea mpaka tukabaki tunaona jicho moja. "Huku mihogo imejaa mashambani, dada, unapita nayo barabara nzima. Sijamwona mtu hata mmoja anayepika majani yake."

"Masikini," akasema dada yangu. Kwake hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko vita.

Mzee Ruben akachukua simu. "Mwalimu. Mutoto yetu anasema mu bajeti yako, wageni ni sifuri. Unawafukuza?"

"Hapana, Mzee."

"Unajificha?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Hawaji tu, Mzee."

Wakuu, mimi ni mtu wa uchumi. Ile sifuri nilikuwa nimeisoma, nimeipigia hesabu, nimeisifu, nimetaka kuvusha familia yangu bahari kwa ajili yake. Haikunijia hata siku moja kumwuliza mwenyewe imepatikanaje.

Mzee Ruben hakumpa pole. Wazee wetu hawana tabia hiyo. Alimwuliza, "Nyumba yako iko na vyumba ngapi?"

"Kimoja tu, Mzee. Na sebule."

Mzee akatugeukia, akatuhesabu kwa fimbo, mmoja mmoja, pamoja na wapwa waliokuwa wanakula wamesimama. Kisha akairudia simu.

"Tunatosha," akasema.

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Karibuni Mzee! Karibuni hata kesho!"

Tulipotaka kumuaga tule, akasema, "Msikate. Niwekeni hapo mezani tu, nisikie."

Tukamwegemeza kwenye bakuli la fufu. Tukala, tukabishana, shemasi naye akaja (bila hodi safari hii, amenunua haki hiyo), akaimba besi mbele yangu akinitazama usoni. Katikati ya chakula tukasikia sauti ngeni. Mwalimu alikuwa amelala palepale, anakoroma, na feni yake inazunguka. Dada yangu akaifunika simu kwa leso, kama anavyofunikwa mtoto.

Mnataka kujua jaribio liliishaje.

Nilishinda!

Sitanii. Msafara ulipoondoka ulituachia friji ambayo mlango wake ulifungwa kwa goti. Mwezi wote uliobaki hatukununua kitu zaidi ya chumvi na sabuni. Siku ya mwisho nilishusha bahasha kutoka juu ya friji, bado ina pesa. Kwa masharti tuliyowekeana, mimi ndiye bingwa.

Nikampelekea mke wangu, nimejaa kama jogoo.

Akaichungulia. "Umeshinda," akasema. "Mimi neno yangu ni moja. Twende Thailand."

"Kweli?"

"Kweli. Ila wewe ulisoma, nieleze kitu kimoja. Hii mbuzi tunakula tangu ile Jumamosi. Kwa Mwalimu, iko mu mustari gani?"

Nilisimama na bahasha yangu. Nikanywa maziwa.

Jumatatu tulikwenda ofisini kwa mwenye nyumba. Yule dada wa mapokezi akauliza kama tunasaini tena. Nikasema ndiyo. Akauliza, vyumba viwili kama zamani? Mke wangu alikuwa anasoma tangazo la mbwa ukutani.

"Kama kuna ya vitatu," nikasikia sauti yangu ikisema, "tuoneshe."

Ndiyo, kodi ni kubwa zaidi. Mimi, mtu wa bajeti. Grâce alisema, "Dad, that's the opposite of Thailand."

Somo nililopata, wakuu, silo kwamba Thailand ni ghali. Ni nafuu kweli, na anayetaka kwenda aende, hesabu za Mwalimu ni za haki. Ila ukiona bajeti ya mtu ina sifuri nzuri sana, kabla hujaitamani mwulize kwanza kama ni akiba au ni njaa.

Mzee Ruben ameshapiga picha ya pasipoti, amevaa suti ileile. Na Mwalimu anakuja kwetu likizo. Hakuuliza kama tutakuwepo. Alitaja tarehe tu, nikajua amepona.

Sasa nileteeni maoni. Mlioko Thailand, Vietnam, Malaysia, tuambieni ukweli wa gharama huko, na mseme Jumapili mnakula na nani. Wa Buffalo na Columbus mnaonifahamu, najua mmeshanitambua, punguzeni screenshot. Wenye mawe, rusheni, ila msirushe maandazi, hayo mniletee.

Na mlio Louisville, Jumapili hii gari nimeliegesha mbele.